Wacha

Kipketer wa mashine ya kisima alifika laini, kwenye nyumba za vibarua, saa nne ya asubuhi, saa ambayo mwanamume wa kazi haonekani huko ila akiwa mgonjwa au amefukuzwa, akaomba maji ya kunywa. Nekoye alikuwa mlangoni anachambua mboga, binti yake Naliaka amelala mgongoni. Akampa maji kwa kikombe cha bati. Kipketer akanywa, akaomba mengine, akanywa tena. Alikuwa amevaa kiatu kimoja.

"Na kiatu kingine umekula?" Nekoye akamtania.

"Shemeji, kaa chini kwanza."

Hakukaa. Mtu akiambiwa akae chini huwa anajua tayari kwamba limekuja jambo la kumwangusha.

"Ni Baba Naliaka?"

"Baba Naliaka ni mzima. Ni Khisa. Nyundo imemwangukia."

"Amepelekwa hospitali?"

Kipketer alitazama ndani ya kikombe. "Hospitali haikuwa na kazi tena," akasema. Kisha akaona ni afadhali Nekoye alisikie kwake kuliko kulisikia mferejini kwa wanawake. "Shemeji, Baba Naliaka ndiye alikuwa ameshika breki. Askari wamekuja kumchukua."

Nekoye na Khisa walikuwa wameachiana ziwa. Ni yeye Nekoye aliyemwandikisha karani wa kanisa barua ya kumwita kaka yake aje Nakuru, na ni yeye aliyemsumbua mumewe Wasike miezi miwili mpaka akamtafutia shemeji yake kazi kwenye mashine ya kuchimba kisima. Sasa mmoja alikuwa amekufa na mwingine amefungwa pingu, na asubuhi hiyo hiyo wote wawili walikuwa wamekunywa uji wake. Alilia akiwa bado amesimama, mtoto akaamka mgongoni, naye akalia bila kujua wanamlilia nani.

Tuseme ukweli wa mambo yalivyokuwa, maana baadaye kila mtu alisema lake.

Mashine ilikuwa ya kampuni ya visima, imeletwa katika shamba la mzungu mmoja wa ng'ombe na pareto chini ya Dundori. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Ilikuwa na mlingoti wa chuma wenye miguu minne, injini ya dizeli, winchi, na waya mnene. Mwisho wa waya ndipo iliponing'inia nyundo, chuma kirefu kilichonolewa ncha, kizito kuliko fahali. Kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka mwamba uchoke.

Msimamizi alikuwa mzungu ambaye vibarua walimwita Kofia Mbili, kwa sababu alivaa kofia juu ya kofia kwa kuogopa jua. Kiswahili chake kilitosha kumfukuza mbwa, kuagiza chai na kuendesha winchi. Kwa winchi alikuwa na maneno matatu. Vuta, maana yake waya upande. Shika, maana yake mshika breki aulalie mti wa breki kwa uzito wake wote. Wacha, maana yake ainue mikono, nyundo ishuke. Wasike alikuwa mshika breki, na maneno hayo aliyajua kuliko alivyojua sala ya kabla ya kula.

Mwaka uliotangulia hapakuwa na haja ya maneno. Palikuwa na fundi Gathecha, Mkikuyu, aliyesimama kati ya shimo na winchi akitoa amri kwa mkono. Ngumi ilikuwa shika. Kiganja kikitazama chini kilikuwa shusha. Mikono miwili juu ilikuwa simama, hata kama mfalme yuko njiani. Mkono hauna maana mbili. Lakini hali ya hatari ilipozidi, lori la serikali lilizoa Wakikuyu wote wa shamba, Gathecha na mkewe Wangare wakiwemo, sufuria yao ikabaki jikoni na viazi vibichi ndani. Kampuni haikuajiri fundi mwingine. Kofia Mbili alisema mdomo wake unatosha. Tena, kwa sababu upepo wa kutoka Menengai ulijaza vumbi kwenye mafuta ya winchi, akaamuru winchi izungushiwe turubai. Tangu siku hiyo Wasike hakuliona shimo. Alikuwa analisikia tu.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu nyundo ilikuwa imetolewa kisimani ili ikanolewe. Ilining'inia juu ya shimo, Wasike ameilalia breki. Khisa, aliyekuwa na kazi ya kuisukuma kando kwa mtaimbo, akaona gunia la kuzibia shimo linatumbukia. Wiki iliyopita alikuwa ametukanwa mbele ya watu kwa ajili ya gunia lililopotea. Akainama haraka alivute. Kofia Mbili alipomwona ameingiza kichwa chini ya chuma kile, moyo ulimruka kama ambavyo ungemruka mtu yeyote.

"Wacha!" akapiga kelele. "Wacha, wewe!"

Alimaanisha, acha hilo gunia, toka hapo. Na nyuma ya turubai Wasike akasikia amri aliyoisikia kila siku ya kazi mwaka mzima. Akainua mikono.

*

Siku ya Jumanne Nekoye alikwenda kwa miguu hadi kituo cha polisi, amebeba ugali na mboga katika kitambaa. Akaambiwa asubiri nje ya ua wa seng'enge. Akasubiri tangu jua likiwa begani mpaka likapita utosini. Askari akaja na kijiti, akaufukua ugali hadi chini, akitafuta sijui nini, akavifuta vidole vyake kwa kile kitambaa.

"Wewe ni nani yake?"

"Mke wake."

"Na yule aliyekufa alikuwa nani yako?"

"Kaka yangu."

Askari alimtazama, akaangalia ugali, akatazama pembeni. "Haya, ingia. Dakika tano. Msiongee kikwenu, ongeeni Kiswahili."

Kwa hiyo waliongea Kiswahili, mume na mke, kama watu waliokutana sokoni. Wasike alikuwa amekaa kwenye saruji, bila mshipi, suruali ameishika kwa mkono. Hakumtazama mkewe usoni.

"Wamemzika?" akauliza.

"Leo alfajiri. Hospitali ilisema haiwezi kumweka mpaka baba afike. Tumemzika makaburi ya mjini."

"Nani aliimba?"

"Watu wa kanisa. Walikuwa sita."

Wasike alitikisa kichwa. Khisa alipenda watu, na sita walikuwa wachache mno.

"Baba Naliaka," Nekoye akasema, "niambie mimi. Ilikuwa namna gani?"

"Bwana alisema wacha."

"Ndiyo."

"Nikawacha."

"Basi?"

"Basi. Nimewaambia mara nne, na kila mara wananiambia, unaona, wewe mwenyewe unakubali. Sijui ninakubali nini." Akaivuta suruali juu kiunoni. "Nilifikiri amesema na mimi, Mama Naliaka. Ni nani mwingine huambiwa wacha pale? Ni mimi tu."

Nekoye alirudi laini njia nzima akilitafuna neno hilo. Wacha, wacha. Alilisema kwa mtoto aliyekuwa anatia udongo mdomoni, akalisema kwa mbuzi aliyeng'ata shuka. Ni neno la kila siku, huna habari nalo, kama vile huna habari na ulimi mpaka siku utakapojiuma.

*

Mzee Nabiswa, baba yao Nekoye na Khisa, aliteremka treni siku ya Jumatano akiwa na fimbo na koti la mvua. Alipofikishwa makaburini, alichota udongo wa mwanawe akaufunga kwenye leso. Hakulia hapo. Alilia baadaye, ndani ya chumba cha Nekoye, alipoona shati la Khisa limeanikwa kwenye kamba, bado halijaanuliwa. Nekoye alikuwa amelifua Jumapili.

Wanawake wa laini walikuja kumpa pole. Walikuja na kuni na maziwa, na pia walikuja na maneno. Mmoja alisema amesikia kuwa Wasike na Khisa waligombana Jumamosi. Ni kweli waligombana, kwa sababu ya wembe. Mwingine alisema karani wa kampuni amekwisha kuandika kwamba mshika breki aliambiwa asimame akakaidi. Mzee alisikiliza yote, mikono juu ya fimbo. Walipoondoka akamwita binti yake.

"Mama," akamwambia, kama alivyomwita tangu utotoni kwa kuwa binti alirithi jina la mama mzazi wa mzee, "mimi sikuwa pale. Wewe hukuwa pale. Kwetu mtu aliyemwaga damu ya jamaa yake kwa kusudi, hatuli naye. Siwezi kukuacha ule katika sahani moja na mkono uliomuua kaka yako."

"Baba, hakufanya kwa kusudi."

"Umeona?"

"Ameniambia."

"Mtu aliyefungwa atasema nini kingine?" Mzee alivuta pumzi. "Kesho anakuja afisa wa serikali kuuliza mambo haya. Wakiandika kwamba alikatazwa akakaidi, utafunga mizigo yako na ya mtoto, tutaondoka pamoja, na ng'ombe wake nitamrudishia. Wakiandika kwamba alitumwa, utakaa na mume wako, nami nitakuja kumtakasa kwa desturi, nitakula nyumbani mwake. Sina jicho la kuona moyo wa mtu. Nitafuata litakaloandikwa."

"Na wakiandika uongo?"

"Ndiyo maana uombe Mungu."

Nekoye hakuomba. Alikaa na kufikiri kwamba Naliaka ana miezi kumi na minne, ameanza kusema "baba", na hajui kusema kitu kingine.

*

Afisa alikuja Alhamisi, kijana mwembamba mwenye mafua. Kikao kiliwekwa katika ghala la pareto kwa kuwa ofisi ya shamba ilikuwa inapakwa rangi. Palikuwa na meza moja na viti vitatu: cha afisa, cha Kofia Mbili, na cha mkalimani, karani Jonah Kipsang, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hata nzi angeteleza. Vibarua walisimama ukutani, Nekoye na baba yake wakabaki mlangoni na mtoto. Wasike aliingizwa na askari, pingu mikononi, akaambiwa achuchumae katikati ya sakafu. Mtu mzima, baba wa mtoto, akachuchumaa mbele ya baba mkwe wake, suruali bila mshipi.

Aliulizwa Kipketer kwanza.

"Mimi nilikuwa nyuma ya injini," Kipketer akasema. "Injini inapiga kelele. Mimi sikusikia neno."

Alisema hivyo akitazama viatu vyake, ambavyo leo vilikuwa viwili. Alikuwa na watoto watano, na watoto watano wanaweza kumziba baba yao masikio. Nekoye alimwangalia bila chuki. Hakuwa na nafasi ya kumchukia.

Kofia Mbili alizungumza kwa Kiingereza muda mrefu. Kofia zake alikuwa amezivua, akaziweka magotini. Nekoye alishika maneno matatu tu katika maneno yake yote: Khisa, Wasike, wacha. Neno la mwisho alilisema mara tatu.

Kipsang akamgeukia Wasike. "Unaulizwa, Bwana alisema neno gani?"

"Alisema wacha."

"Ulisikia?"

"Nilisikia vizuri."

Mlangoni Mzee Nabiswa aliguna.

"Kama ulisikia, mbona hukufanya ulivyoambiwa?"

"Nilifanya."

"Sikiliza, wewe. Bwana alisema wacha. Maana yake simama, usiendelee. Wewe ukaendelea. Ndiyo ama siyo?"

"Alisema wacha, nikawacha."

"Usicheze na maneno mbele ya afisa!"

"Karani, mimi sichezi. Alisema wacha, nikawacha."

Kipsang aligeuka akayatia maneno hayo katika Kiingereza, akipunguza hapa na kunyoosha pale. Hakuwa mtu mbaya. Katika shule ya misheni, wacha lilikuwa neno la mwalimu kwa watoto wanaopiga kelele, na katika Kiingereza alikuwa amefundishwa neno moja tu la kuliweka mahali pake, neno la kusimamisha. Basi ndilo alilolitumia. Wacha iliingia upande mmoja wa meza, simama ikatokea upande wa pili, na afisa akaandika simama. Nekoye hakujua Kiingereza, lakini alijua kutazama uso wa mtu anayeandika. Uso wa afisa ulikuwa uso wa mtu ambaye kazi yake imekwisha mapema.

Akampa baba yake mtoto, akaingia ndani.

"Karani, nina neno."

"Wanawake hawakuitwa."

"Mimi ni dada wa aliyekufa. Tena mimi ni mke wa huyu. Kuna mtu mwingine hapa mwenye haki ya kusema zaidi yangu?"

Afisa aliuliza kuna nini. Kipsang akamwambia. Afisa akapenga kamasi, akatikisa kichwa kukubali.

Katikati ya ghala, juu kwenye boriti, palikuwa na kapi la kupandishia magunia darini. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye gunia la pareto lililokuwa linangoja kikao kiishe lipandishwe. Nekoye alimwita Kipketer kwa kidole. Kipketer, ambaye hakuwa amesikia neno siku ya Jumatatu, leo alisikia hata kidole. Wakavuta pamoja mpaka gunia likapita vichwa vya watu.

"Karani," Nekoye akasema, "njoo unishikie."

"Mimi? Hii ni kazi ya karani?"

Afisa alimpungia mkono afanye. Kipsang akaja, karatasi kwapani, akaishika kamba kwa mikono miwili. Kipketer akajiondoa. Gunia lilimvuta karani mpaka akasimama kwa vidole.

"Shika sana," Nekoye akamwambia.

"Nimeshika! Haya, sema hayo maneno yako upesi."

Nekoye alihakikisha hakuna mtu chini. Akamtazama Kipsang machoni.

"Wacha," akasema.

Kipsang akaachia. Gunia lilianguka kwa kishindo kilichotikisa mabati, likapasuka, maua makavu yakatawanyika mpaka miguuni pa afisa, na vumbi la pareto likajaa kote, watu wote wakaanza kupiga chafya. Ni Wasike peke yake ambaye hakupiga chafya. Kishindo kiliposikika alitoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, akajiinamia pale chini, akaficha mikono yenye pingu tumboni.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Kipsang alikuwa anajipangusa. "Si umeniambia niwache!"

Kisha akaacha kujipangusa. Akaitazama mikono yake, akamtazama Wasike. Watu wa chafya walizibana.

"Sasa mwambie afisa," Nekoye akasema. "Mwambie ulivyosema, hivyo hivyo, usipunguze."

Kipsang alimgeukia afisa, akaongea kwa sauti ya chini, muda mrefu kuliko kawaida yake. Afisa aliuliza jambo, akaelekeza kwenye kamba. Akamwuliza Kofia Mbili jambo. Kofia Mbili alijibu kwa neno moja. Kisha afisa akachukua kalamu, akakata mstari aliokuwa ameuandika, akaandika mwingine, mrefu.

"Anasema," Kipsang akatangaza, "mshika breki alitii amri aliyoisikia. Hakukaidi. Afunguliwe."

Askari alitafuta ufunguo mifuko yote mitatu kabla ya kuuona. Nje, Kofia Mbili alimfuata Nekoye, kofia mkononi. Alikuwa mtu mzima na macho yalikuwa mekundu, labda ni pareto.

"Mimi sema wacha kwa yeye," akasema. "Kwa ndugu yako. Mimi taka yeye toka."

"Najua, Bwana."

"Mimi hapana sema kwa breki."

"Najua. Lakini breki ndiyo ilikuwa na masikio."

Akavaa kofia zake mbili, akaenda.

*

Mzee Nabiswa alitimiza ahadi. Alimtafuta Wasike pale alipokuwa amekaa nyuma ya ghala, akasimama mbele yake.

"Imeandikwa," akamwambia. "Nimesikia kwa masikio yangu. Nyumbani kwangu hakuna neno juu yako."

"Mzee, mimi ndiye..."

"Nimesema hakuna neno."

Alifanya ya kufanywa, mambo ambayo hayahitaji kusimuliwa hapa, kisha akala nyumbani kwa mkwe wake, tonge tatu, ili ionekane amekula. Jumamosi akapanda treni na leso yake ya udongo. Wanawake wa laini waligeuka upesi kama wanavyogeuka watu. Nekoye akawa shujaa. Mferejini walimwachia nafasi ya kwanza, wakaigiza Kipsang alivyoachia kamba, wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Wewe umeokoa nyumba yako," walimwambia. "Mshukuru Mungu." Na Nekoye akasema ndiyo, namshukuru.

Kampuni ilimwambia Wasike arudi kwenye mashine, si kwenye breki, kwenye kuchota matope. Hakurudi. Nyapara wa shamba akampa kazi ya kukata majani ya ng'ombe.

Jioni ya kwanza walipobaki peke yao Nekoye alipika ugali, akauweka katikati. Wasike akanawa, akanyoosha mkono wa kulia akamega tonge. Nekoye alikuwa ameshika tonge lake. Akaona ule mkono unakuja juu ya sahani, unashuka, akashtuka hata akarudi nyuma na kigoda. Wasike alisimamisha mkono hewani.

"Nini?"

"Hakuna. Moshi."

Wakala. Alijikemea moyoni. Mjinga wewe, si ni wewe uliyewaonyesha watu wote kwamba hana kosa? Siku ya pili Wasike alikuja kutoka malishoni, Naliaka akamkimbilia kwa miguu yake ya kuyumba, akiita baba, baba. Wasike akainama amnyanyue juu kama alivyozoea. Kabla hajafika juu, Nekoye alikuwa amekwisha kumpokonya, na hakujua ametoka jikoni saa ngapi. Mtoto akalia. Mume na mke wakatazamana. Wasike akautia mkono mfukoni, akasema, "Basi, basi," kwa upole, kama anayembembeleza mtoto, ingawa alikuwa anamtazama mama.

Tangu hapo akaanza kufanya mambo kwa mkono wa kushoto. Alikata majani kwa kushoto, akachota maji kwa kushoto. Aliwapa watu mkono wa kushoto wakasema amekosa adabu. Kula alikula peke yake, nyuma ya nyumba, akisema anapenda upepo. Hakumlaumu mkewe hata mara moja. Angemlaumu ingekuwa nafuu, wangegombana, wangelia pamoja, pengine wangepona. Yeye alijipunguza tu katika nyumba yake mwenyewe, siku kwa siku, ili asimtishe.

Jumapili ya pili, baada ya ibada, Nekoye alifunga vitu vyake katika sanduku la bati. Wasike alisimama mlangoni akamtazama mpaka akamaliza.

"Mzee alisema ukae," akasema.

"Alisema."

"Na serikali ilisema sina kosa."

"Ilisema. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Sasa wewe mwenyewe unasemaje?"

Nekoye alikaa juu ya sanduku. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nasema huna kosa, Baba Naliaka. Hata leo wakiniita nitasimama niseme. Lakini Jumatatu ile mimi sikuwa pale. Watu walinieleza tu, nami nikalia kama mtu aliyeelezwa. Kishindo chake nilikuwa sikijui." Akavuta pumzi. "Siku ile ghalani nilikisikia. Nilikifanya kwa mikono yangu, nikakisikia. Sasa kila ukiinua mkono nakisikia tena. Nimejaribu. Mungu anaona nimejaribu."

Wasike akaingia ndani. Alikuwa amekwisha kujua tangu jioni ya kwanza ya ugali. Akalibeba sanduku begani, akatangulia, Nekoye akafuata na mtoto mgongoni, mpaka kwenye njia panda ya kwenda stesheni. Hapo akaliweka chini. Sanduku lilikuwa zito, mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kujitwisha mwenyewe, lazima mwingine amwinulie amwekee kichwani, na ili kumwekea lazima asimame karibu naye na kuipitisha mikono juu ya kichwa chake.

Wasike alirudi nyuma hatua tatu. Akamwita mama mmoja aliyekuwa anapita na kikapu chake, mtu ambaye hawakumjua, akamwomba tafadhali amtwishe mke wake mzigo.